Mbunge Ana Kiinua Mgongo, Katibu Wake Ana Nini?



Nimerudi nyumbani likizo. Nasoma sheria Dodoma, mitihani ya mwaka wa tatu imeisha juzi tu, na sa hivi kazi yangu kubwa ni kusaidia kuanika kahawa. Huku kwetu Julai ni msimu. Kila ua una mkeka, kila mkeka una kahawa, na kila nyumba ina mtu anayetazama mawingu upande wa ziwa.

Jumanne ya Julai 1, 2025 tulikuwa uani, mimi na shangazi yangu, redio tumeiweka dirishani. Wakatangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kinaanza kuwa shilingi 500,000 kutoka 370,000. Ndiyo ile nyongeza ya asilimia 35.1 ambayo Rais Samia aliitangaza Mei Mosi 2025 kule Singida.

Shangazi akaacha kugeuza kahawa, akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Akasema, "Mwana wange, hiyo laki tano ni ya watu walio kwenye orodha. Mimi orodha yangu ni daftari."

Nikamwomba hilo daftari. Usiku nikalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa tochi ya simu. Ndiyo sababu ya makala hii.

DAFTARI LA SHANGAZI

Shangazi yangu ni katibu muhtasi, kazi aliyoisomea na kuipenda. Kuanzia Januari 2021 hadi Juni 2025 alifanya kazi katika ofisi ya mbunge mmoja wa Kanda ya Ziwa. Si Bukoba, si Muleba. Alikuwa anaishi huko mbali kwa ndoa. Jina la mbunge, jimbo na chama naviacha. Sijaandika ili tumzomee mtu mmoja. Ukishalijua jina utasema "ah, yule bwana ndivyo alivyo", na hoja itafia hapo hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa mbili asubuhi anafungua ofisi. Kwenye benchi nje kuna watu tayari: mama aliyedhulumiwa kiwanja, mzee anayefuatilia pensheni, kijana aliyekosa mkopo wa chuo, mwenyekiti wa kitongoji mwenye kesi ya kisima kilichokufa. Anawasikiliza, anaandika, anachapa barua kwenda kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkurugenzi, TANESCO, RUWASA. Anapiga muhuri. Anaweka nakala. Bunge likiwa linakaa, mbunge anamtumia ujumbe wa sauti usiku, yeye anaugeuza kuwa swali lenye adabu za kibunge na kulirudisha Dodoma kabla hakujakucha. Yale maswali mnayoyasikia redioni, ambayo mbunge anasimama kuomba yajibiwe, mengine yamechapwa na mtu wa namna hii, kwenye kompyuta yake, kwa bando lake.

Malipo walikubaliana 250,000 kwa mwezi. Kwa mdomo. Hakuna karatasi. Hela zilikuja kwa simu, au dereva akaagizwa azilete kwenye bahasha.

Julai 2022 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa kwa asilimia 23.3, kutoka 300,000 kufika 370,000. Shangazi akapata ujasiri, akamwambia bosi wake kwamba sasa hata mhudumu wa ofisi ya serikali anamzidi. Januari 2023 bosi akamwambia, tena mbele ya dereva, "Kuanzia mwezi huu nakupa laki tatu na nusu." Siku hiyo shangazi aliandika kwenye daftari tarehe, saa, na maneno yenyewe. Pembeni akachora kanyota.

Ile laki ya nyongeza haikuja hata mwezi mmoja. Akikumbusha anaambiwa, "Dada, vumilia kikao kiishe, tutamalizana." Kikao kinaisha, kinakuja kingine. Tena ndani ya kipindi hicho hicho iko miezi saba ambayo hakulipwa kabisa.

Nikakaa na kalamu. Kuanzia Januari 2023 hadi Juni 2025 ni miezi 30. Miezi saba isiyolipwa, kila mmoja 350,000, ni 2,450,000. Miezi 23 iliyobaki alilipwa pungufu ya 100,000 kila mwezi, hiyo ni 2,300,000. Jumla 4,750,000.

Juni 2025 Bunge lilipofika ukingoni alipigiwa simu. Akashukuriwa sana, akaombewa baraka, akaambiwa kipindi kimeisha, funguo amkabidhi dereva. Akapanda basi na mabegi mawili akarudi kwao Muleba.

HAYUMO KWENYE IBARA YOYOTE

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kumtafuta shangazi kwenye Katiba.

Mbunge nilimkuta. Ibara ya 73 inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Yaani mla keki ndiye mwenye kisu. Watumishi wa Bunge walioko Dodoma nao niliwakuta. Ibara ya 88 inaweka Sekretarieti ya Bunge chini ya Katibu wa Bunge, na ipo Tume ya Utumishi wa Bunge. Anayeandika kumbukumbu za mijadala, karani wa kamati, mpambe wa Bunge anayebeba siwa, wote wana mwajiri anayejulikana, ngazi ya mshahara, na mahali pa kupeleka malalamiko.

Shangazi sikumkuta. Katibu wa ofisi ya jimboni anafanya kazi ya Bunge lakini si mtumishi wa Bunge. Kwa utaratibu uliozoeleka, hela ya msaidizi inapitia mikononi mwa mbunge, na mbunge huyo huyo ndiye anayemtafuta mtu, anayempangia kiwango, anayemlipa na anayemwondoa. Akiamua kulipa nusu, hakuna anayemuuliza. Akiamua nafasi hiyo ampe mpwa wake, hakuna anayemuuliza. Na sisi walipa kodi hatuna namna ya kujua kama hela yetu ilimfikia mchapa barua au iliishia kwenye mafuta ya gari.

Kuna ibara moja tu iliyomkumbuka, nayo ni ya kila mtu: Ibara ya 23, haki ya kupata ujira unaolingana na kazi, na malipo ya haki kwa kila anayefanya kazi. Ni ibara nzuri sana. Lakini ibara haitumi hela kwenye simu mwisho wa mwezi. Ili haki hiyo ifike Muleba inahitaji mkataba, orodha ya malipo na mtu wa kuwajibika.

KUPANDISHA WANAJUA, WANAPOTAKA

Mtu asije akasema Bunge halijui namna ya kuongeza malipo.

Mwaka 2011, mimi nikiwa darasa la pili, posho ya kikao ya mbunge ilipandishwa kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya asilimia 185 kwa mkupuo. Ukijumlisha 80,000 ya kujikimu na 50,000 ya usafiri, siku moja ikawa 330,000. Spika wa wakati huo, Mama Anne Makinda, alitetea akisema maisha Dodoma yamepanda. Sawa, yalikuwa yamepanda. Lakini wakati huo kima cha chini cha mtumishi wa umma kwa mwezi mzima kilikuwa hakifiki hata hiyo 200,000 ya kikao kimoja. Kumbe Dodoma bei zinapanda kwa watu wengine, na kwa wengine zimetulia.

Februari 2014, Bunge Maalum la Katiba. Wajumbe walikuwa wanapokea 300,000 kwa siku, na miongoni mwa mambo ya kwanza waliyolalamikia, kabla hata ya kugusa rasimu, ni kwamba haitoshi. Ikaundwa kamati ya kuliangalia.

Na wakimaliza kipindi, iko sheria ya mwaka 1999 ya mafao ya viongozi wa kisiasa inayowapa kiinua mgongo. Juni 27, 2025 Rais alilihutubia Bunge na kusema litavunjwa Agosti 3. Kwa hiyo Julai hiyo, mikono yangu ikinuka kahawa, waheshimiwa walikuwa wanasubiri stahiki zao. Siwaonei wivu. Sheria inawapa, wachukue. Ninachouliza ni kimoja: aliyewachapia maswali kwa miaka minne na nusu amewekewa nini?

Kwa mtu kama shangazi, sheria ya kazi inatambua malipo ya kiinua mgongo ya siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, ajira ikisitishwa na mwajiri. Miaka minne kamili ni siku 28. Ndiyo hivyo, mwezi mmoja haujatimia. Na hata hizo siku 28 mwajiri anaweza kuzibishia, adai kwamba ajira iliisha yenyewe na kipindi cha Bunge.

WENZAKE WALIO KWENYE ORODHA

Simaanishi kwamba walio kwenye orodha ya serikali wanakula raha. Mwulize mwalimu yeyote wa Kagera aliyekuwa kazini kati ya 2016 na 2022. Miaka sita bila nyongeza ya maana, madaraja yamesimamishwa, uhakiki juu ya uhakiki. Hata ile asilimia 23.3 ya 2022 ilikuwa ya kima cha chini. Wa ngazi za juu kidogo walifungua hati zao za mshahara Julai ile wakakuta vijisenti, na kelele zake mnazikumbuka. Nyongeza ya kila mwaka nayo ilibidi isubiri hadi Mei Mosi ya 2023 Morogoro ndipo Rais atangaze inarudi.

Malimbikizo pia wanayajua. Februari 2018 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alitangaza kulipwa shilingi bilioni 43.39 kwa watumishi 27,389 waliokuwa wanaidai serikali, walimu wakiwa zaidi ya nusu yao. Watu hao walisubiri miaka. Wengine walistaafu wanasubiri.

Lakini tazama tofauti. Wale 27,389 walihesabika. Kila mmoja alikuwa na namba ya utumishi, barua ya kupandishwa cheo, fomu ya madai, mwajiri asiyeweza kukana kwamba anamfahamu. Chama cha wafanyakazi kikipiga kelele, kinajua kinamsemea nani. Makatibu muhtasi wa serikali wana chama chao cha kitaaluma, na wamefika mahali pa kubadilishiwa hata jina la kada, leo wanaitwa waandishi waendesha ofisi. Shangazi yangu kwa serikali ni hewa. Hayumo kwenye nyongeza ya 23.3, hayumo kwenye 35.1, na malimbikizo yake yanajulikana na watu watatu: yeye, bosi wake na daftari.

BUTURA

Vijana wa Kagera hili neno mnalijua, wa mikoa mingine niwaeleze. Butura ni pale mkulima anapobanwa na shida, kahawa ikiwa bado maua mtini, anauza mavuno yake kwa mwenye hela kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, anayeingia kibanjani kuchuma ni mnunuzi. Mkulima anabaki kuangalia jasho lake likipimwa kwenye mizani ya mwingine. Serikali imekemea butura miaka nenda rudi, wakuu wa mikoa wamekuja na kuondoka wakiikemea, na sababu yake haijawahi kuwa ujinga wa mkulima. Sababu ni kwamba ada ya mtoto haisubiri kahawa iive.

Kwenye daftari la shangazi, miezi ile saba, kuna ukurasa wa madeni. Duka la jirani. Kodi ya nyumba. Na mara mbili mikopo ya kausha damu, ile ya kulipa kila wiki, ambayo dhamana yake ya pili ilikuwa friji. Alikopa akitegemea ile ahadi ya "kikao kikiisha tutamalizana". Kikao kikaisha, friji likaondoka.

Hiyo ni butura. Mtu mwenye cheti chake, mwenye miaka kumi na zaidi ya uzoefu, anauza mshahara wake ungali maua. Na aliyemfikisha hapo ndiye anayesimama bungeni kutetea wakulima wasidhulumiwe.

TULIVYOKWENDA BUKOBA

Alhamisi tulipanda hiace asubuhi, tukapita Muhutwe, Kemondo, hadi Bukoba, maana ofisi ya mkoa ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, iko mjini. Njia nzima shangazi amekumbatia mkoba wenye daftari kama anapeleka mtoto kliniki.

Nawaandikia nilichomweleza njiani, kwa sababu najua wapo wasomaji wa hapa ambao mama zao, dada zao au wao wenyewe wako kwenye hali hii, iwe ofisi ya mbunge, ya diwani, duka au hoteli.

Kwanza, kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, kazi yake inaelekezwa na kusimamiwa na mwingine, au anamtegemea huyo kwa kipato. Shangazi alikuwa anaelekezwa hadi na ujumbe wa sauti wa saa sita usiku.

Pili, wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri. Mkifika kwenye shauri na yeye hana hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unamwangukia yeye. Wewe njoo na ulichonacho: ujumbe wa miamala ya simu, picha, barua ulizochapa, daftari. Jamani, andikeni daftari.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, muda. Ukitaka kupinga kuachishwa kazi una siku 30. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa, una siku 60. Ukichelewa unatakiwa kuomba kwanza uongezewe muda, na utoe sababu zinazoeleweka. "Bosi alisema tutamalizana" kila mtu anaielewa kibinadamu, lakini si sababu ambayo ningeweka roho yangu juu yake. Kwa hiyo lile neno "vumilia" linauma mara mbili. Linakunyima hela ya mwezi huu, na kimya kimya linakula siku zako 60.

Kwa shangazi, madai ya Juni yako ndani ya muda. Nimehesabu, mwisho ni Agosti 29. Hayo mengine ya nyuma itabidi aombe. Tulipokelewa vizuri, tukaelekezwa, tukachukua Fomu Namba 1. Tukaenda kukaa ufukweni tukala samaki. Hapo ndipo akaniuliza swali ambalo darasani hatujawahi kuulizwa: "Nikimshtaki mbunge, nani ataniajiri tena?"

"SASA HIVI NDIYO WAKATI WAKE?"

Nilipowaambia makamanda wawili wa hapa Bukoba kwamba naandika hili, mmoja alinijia juu. Mwenyekiti wetu Tundu Lissu alikuwa mahabusu tangu Aprili 2025 kwa kesi ya uhaini. Chama kilikuwa kimeenguliwa kwenye uchaguzi wa 2025. Sisi tunapigania mfumo mzima, na wewe unatuletea mishahara ya makatibu muhtasi?

Namheshimu kamanda huyo, lakini nadhani amekosea, na Lissu mwenyewe ni mfano wangu. Alipigwa risasi Septemba 2017 akiwa mbunge, Bunge halikubeba gharama za matibabu yake ng'ambo, na Juni 2019 Spika akatangaza kiti chake kiko wazi. Alipokutana na Rais Samia Brussels Februari 2022, madai yake ya stahiki na matibabu yalikuwa miongoni mwa aliyoyaweka mezani. Mbunge, mwanasheria, mtu anayejulikana dunia nzima, zaidi ya miaka minne baadaye bado alikuwa anadai. Kama kwake ilikuwa hivyo, mwenye daftari tu afanyeje? Ofisi inayoweza kumnyima mkubwa haki yake haitashindwa kumnyima mdogo, tena kwa mdogo haiandikwi gazetini. Ndiyo mfumo huo huo, makamanda. Kwa juu unaitwa kukosa uwajibikaji. Kwa chini unaitwa "vumilia dada".

Mwingine alinijibu kwamba watu hawa ni makada, wanajitolea. Mi nakubali kujitolea kupo. Tumebandika mabango bila kulipwa, tumelala kwenye maboma tukilinda kura. Lakini mtu anayejitolea anajua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna malipo, na ana kazi nyingine ya kumlisha. Ukimwahidi mtu 350,000, ukamweka ofisini saa mbili hadi saa kumi na moja, halafu usimlipe, hapo hajajitolea. Umejitolea wewe kwa niaba yake.

TUANZE NA KWETU

Ninadai mambo matatu.

La kwanza. Malipo ya makatibu na wasaidizi wa ofisi za majimbo yatoke moja kwa moja Ofisi ya Bunge kwenda kwa mfanyakazi. Mbunge achague mtu wake, sawa, ni kazi ya kuaminiana. Lakini mkataba uwe wa mfano mmoja, ngazi ya mshahara ijulikane, makato ya hifadhi ya jamii yapelekwe, na kima cha chini cha umma kikipanda, na wao wapande siku hiyo hiyo. Hili si ndoto. Uingereza walifika huko baada ya kashfa ya matumizi ya wabunge wao mwaka 2009: wakaunda chombo huru, ambacho ndicho kinacholipa wafanyakazi wa wabunge kwa mikataba na ngazi zilizowekwa. Na jirani zetu Kenya, Katiba yao ya 2010 iliwanyang'anya wabunge kisu cha keki, ikampa tume huru ya mishahara. Wabunge wale walipojaribu kujiongezea mwaka 2013, wananchi waliwapelekea nguruwe mpaka mlangoni mwa Bunge.

La pili. Kabla ya kiinua mgongo cha mbunge yeyote kutoka, asaini tamko kwamba hadaiwi mshahara na msaidizi wake, na msaidizi naye asaini. Hela ya malimbikizo ikatwe hapo hapo. Sisi wanafunzi hatupewi cheti bila kuzungusha fomu inayothibitisha hatudaiwi kitabu cha maktaba. Mheshimiwa anashindwaje?

La tatu ni letu wenyewe, na najua litaniletea maneno. Mwaka 2011 chama hiki kilisimama kupinga posho za vikao; Zitto Kabwe, akiwa bado nasi, aliandika barua kuikataa ya kwake. Nilikua nikisikia hadithi hiyo na ndiyo iliyonileta kwenye chama. Mwaka 2015 tulipata majimbo mengi kuliko wakati wowote, Bukoba Mjini likiwemo. Kila jimbo lilikuwa na ofisi, na kila ofisi ilikuwa na mtu wa kuchapa barua. Nauliza kwa heshima: walikuwa na mikataba ya maandishi? Walilipwa hadi mwezi wa mwisho? Kama ndiyo, tuoneshe, tutembee kifua mbele. Kama kuna aliyebaki anadai, tumlipe kabla hatujawadai wengine. Na leo hii, katika ofisi zetu za kanda, mikoa na wilaya, binti anayechapa taarifa za mikutano yetu yuko kwenye orodha au kwenye daftari?

Naomba jibu la maandishi. Hatuwezi kudai Katiba mpya kwa barua iliyochapwa na mtu tusiyemlipa.

Shangazi bado hajasaini fomu. Ameikunja mara mbili, ameiweka ndani ya daftari, kwenye ule ukurasa wenye kanyota. Asubuhi hii nimemkuta uani anageuza kahawa, nikamkumbusha kwamba siku zinakwenda. Akasema ananisikia. Akasema kahawa ikikauka tutaongea.

Nimemwambia kahawa haitafika Agosti 29 bila kukauka. Nitakuwa hapa.

Kama wewe ni katibu wa ofisi ya mbunge, wa chama chochote, na unasoma hii: anza kuhesabu siku zako leo.

Pipoz!